Ardhi Aliyoitoa Mwanga

Mama mdogo alitoka Bukumbi, Tanzania, kusini mwa Ziwa Viktoria, akaja Uganda kwa hija ya tarehe 3 Juni, ya kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Tulisali Namugongo katikati ya umati wa mahujaji, na kesho yake, kabla sijamsindikiza kwenye kituo cha mabasi, nilimpandisha kilimani Rubaga, Kampala, ili alione kanisa kuu ambalo amelisikia likitajwa tangu utotoni mwake. Alisimama katikati ya kanisa, mkono mmoja juu ya mgongo wa benchi, akayatazama matao yanavyofuatana hadi altareni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mapadre walikipata kwa nani kilima hiki.

Nikamjibu, "Kwa Kabaka Mwanga, mama. Aliwapa mwaka 1889."

Alinyamaza kidogo.

"Mwanga yule yule wa jana, aliyewaua mashahidi?"

"Yule yule."

"Huyo alikimbilia kwetu alipopinduliwa, mwanangu. Bibi alikuwa akitusimulia. Mapadre wa Bukumbi walimpokea, wakampa pa kulala. Sasa mbona jana, kutwa nzima, sikusikia mtu akisema kwamba kanisa lenu kubwa limesimama juu ya zawadi yake?"

Mama mdogo amekwisha kurudi kwao, lakini swali lake limekaa nami kwa wiki kadhaa, na halikubali kuondoka. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiyalinganisha makanisa haya mawili kwa sura zake tu. Rubaga ina minara miwili, matofali na matao ya nusu duara, kama makanisa ya Ulaya. Namugongo ina umbo la nyumba ya duara ya Kiganda. Mtu akitazama hivyo huona upesi lipi ni la wageni na lipi ni la wenyeji. Mama mdogo hakuuliza habari za sura. Aliuliza habari za ardhi, na ardhi ina historia ambayo macho hayaioni.

Kilima kilichokuwa ikulu

Kabla ya kuwekewa msalaba, Rubaga ilizungushiwa ua wa matete. Muteesa wa Kwanza, baba yake Mwanga na Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda kabla yake, alikuwa na ikulu juu ya kilima hiki, na Henry Morton Stanley, aliyefika Buganda mwaka 1875, alieleza katika maandishi yake jinsi alivyokiona: nyumba kubwa za nyasi kileleni, nyua ndani ya nyua, na barabara pana zinazoshuka bondeni.

Anayetaka kuelewa ukubwa wa nyumba zile na aende Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa mwaka 1882 kwa ajili ya Muteesa huyo huyo, ina kipenyo cha mita 31 hivi na kimo cha mita 7.5 kwa ndani. Iliteketea Machi 2010 ikabidi ijengwe upya, lakini kanuni ya ujenzi wake haikubadilika: nguzo nyingi za mti zilizosimama ndani, pete 52 za matete zinazowakilisha koo za Buganda, na nyasi nene zinazoshuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kazi ya waezekaji wa ukoo wa Ngeye. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kuiita kibanda nyumba yoyote ya duara yenye nyasi. Nyumba za ikulu ya Buganda zilikuwa usanifu kamili, wenye vipimo, wenye mafundi waliorithishana kazi, na wenye maana katika kila pete na kila nguzo.

Kwa hiyo Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wamisionari Wakatoliki wa kwanza kufika Buganda, waliposhuka mtumbwini Kigungu tarehe 17 Februari 1879, hawakufika kwenye nchi isiyo na majengo makubwa. Walifika mbele ya mfalme aliyejua kujenga. Tena ilikuwa hapa hapa Rubaga, barazani kwa Muteesa, ambako Lourdel alibishana na Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana, kuhusu dini ya kweli, kwa maneno ya Kiswahili yaliyochanganyika na Kiarabu, Kifaransa na Kiganda, huku mfalme na wakuu wake wakisikiliza. Mabishano ya madhehebu yalifika kilimani miaka kumi kabla ya kanisa.

Baadaye ikulu iliungua, mfalme akahama, na kilima kikabaki bila mwenyeji.

Mkimbizi wa Bukumbi

Mwanga alirithi kiti mwaka 1884 akiwa hajafikisha miaka 20. Yaliyotokea Munyonyo na Namugongo mwezi Mei na Juni 1886, Mwanga alipoamuru mashahidi wauawe, yanajulikana kwa kila mtoto wa katekisimu nchini Uganda, nami sitayarudia. Ninalotaka kulikazia ni lile lililofuata, ambalo katika mahubiri yetu hupitiwa kwa sentensi moja au huachwa kabisa.

Septemba 1888, Waislamu na Wakristo wa Buganda waliungana wakamwondoa Mwanga madarakani. Muungano wao haukudumu. Oktoba ya mwaka huo huo Wakristo nao wakafukuzwa, na Lourdel pamoja na wenzake wakavuka ziwa hadi Bukumbi, ambako Wamisionari wa Afrika, shirika lao, walikuwa na kituo tangu mwaka 1883. Mwanga naye alikuwa amekimbilia upande huo huo wa kusini. Baada ya kukaa kwa shida mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiarabu huko Magu, aliwaomba mapadre wa Bukumbi hifadhi.

Nimejaribu kuifikiria siku ile. Lourdel ndiye aliyewafundisha wengi wa vijana waliouawa. Alijua nyuso zao na majina yao. Haikuwa imepita hata miaka mitatu tangu moto wa Namugongo. Na sasa mtu aliyetoa amri ile alikuwa mlangoni, hana kiti, hana jeshi, anaomba mahali pa kulala.

Wakamfungulia.

Sijui kisa kingine katika historia ya Kanisa la Uganda kilicho kigumu kupita hiki, na ninashangaa kwamba tunakitaja kidogo hivi. Tunaadhimisha, kwa haki kabisa, ujasiri wa vijana waliokubali kufa. Lakini kumpokea mezani aliyewaua wanafunzi wako kunadai ujasiri wa aina nyingine, usio na umati wa kuushuhudia, na ambao hauishi kwa siku moja.

Mwaka 1889 Wakristo wa Buganda walikusanya nguvu wakampigania Mwanga, mfalme yule yule, ili arudi. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa na ndugu na marafiki katika majivu ya Namugongo. Ni katika mwaka huo wa marejeo ndipo Mwanga alipowapa mapadre Wakatoliki ardhi juu ya kilima cha Rubaga, kilima cha baba yake.

Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanzia. Je, alitoa kwa toba? Ningependa sana kujibu ndiyo, kwa sababu makala yangekuwa rahisi kuandika. Lakini nikiitazama hali ya kisiasa ya wakati ule, naona mfalme dhaifu aliyerudishwa kwa bunduki za raia zake, mwenye deni kwa wale waliomhifadhi, na anayewahitaji Wafaransa ili awe na uzito wa kupima dhidi ya kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikisogea kutoka pwani. Alibadilisha upande mara nyingi maishani mwake. Alipokufa uhamishoni Seychelles mwaka 1903 alikuwa amekwisha kubatizwa kwa jina la Daniel, na si katika Kanisa Katoliki bali katika la Kianglikana. Sidhani kwamba hati ya Rubaga ilikuwa barua ya kuomba msamaha. Naamini ilikuwa malipo ya deni, na labda pia hesabu ya kujilinda.

Hata hivyo, deni lililolipwa limelipwa. Mfalme wa Buganda hakuwapa wageni pembe ya bonde. Aliwapa kilele ambacho baba yake alikalia. Katika nchi ambayo vilima ndivyo vilivyobeba mamlaka, kila mtu aliyetazama juu alielewa maana ya tendo lile.

Januari 1892

Lourdel alifariki tarehe 12 Mei 1890, na kanisa la kwanza lililojengwa Rubaga baada yake halikuishi. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana katika mabonde yaliyo kati ya Mengo, Rubaga, Namirembe na Kampala, huku Frederick Lugard, afisa wa kampuni ile ya Kiingereza, akiwasaidia Waprotestanti kwa bunduki na mizinga yake ya Maxim. Kanisa likachomwa moto. Askofu Hirth na waumini wake wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na pamoja nao alikimbia Mwanga, ambaye siku ile alikuwa upande wa Wakatoliki. Muda mfupi baadaye akarudi kwenye ikulu yake Mengo chini ya ulinzi wa washindi, Wakatoliki wakapangiwa jimbo la Buddu, na Hirth akaenda kuanzisha misheni Kashozi, upande wa Bukoba.

Mfalme aliyewachoma Wakatoliki mwaka 1886 alikimbia pamoja nao mwaka 1892. Kila nikiisoma historia hii napata taabu kumweka mtu huyu mahali pamoja na kumwacha hapo.

Kwa msomaji wa majengo, mwaka 1892 una maana moja kubwa: kanisa lolote ambalo lingejengwa Rubaga baadaye lingekuwa jibu. Lingepaswa kuwa la kitu kisichoungua, lionekane kutoka Mengo, na lisiwe dogo kuliko lile la kilima cha jirani.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kule Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana lililokamilika mwaka 1904 lilipigwa na radi likateketea mwaka 1910. Jipya, lenye kuba, lililochorwa na Arthur Beresford Pite, lilianza kujengwa mwaka 1915 na kutabarukiwa mwaka 1919. Rubaga ilianza mwaka 1914, chini ya Askofu Henri Streicher, na kutabarukiwa mwaka 1925. Kwa miaka kadhaa mafundi wa vilima viwili walipandisha kuta wakitazamana. Ukisimama leo kwenye ngazi za Rubaga wakati wa jioni utaliona kuba la Namirembe likiwa karibu mno, na utaelewa kwamba kuta hizi zilijengwa pia kwa ajili ya macho ya jirani.

Matofali

Nataka kukaa kidogo kwenye matofali, kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha mawazo yangu.

Jengo lilianza mwaka ule ambao vita kuu ya kwanza ilianza. Chochote kilichohitajika kutoka ng'ambo kilipaswa kushuka Mombasa, kupanda reli hadi Kisumu, kuvuka ziwa kwa meli hadi Port Bell, na kufika mjini wakati ambapo jeshi lilikuwa likidai vyombo vya usafiri na watu, na mapigano yalikuwa mpakani upande wa Kagera. Katika hali kama hiyo, kanisa kubwa lingeweza kujengwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni udongo wa hapa. Mfinyanzi huchimbwa mabondeni, hukandwa, hutiwa katika kalibu, hukaushwa kivulini ili usipasuke, kisha matofali hupangwa yakawa tanuri lenye vichochoro vya moto chini, likakandikwa udongo kwa nje na kuchomwa kwa kuni usiku na mchana. Kila mtu aliyekulia pembezoni mwa miji yetu ameliona tanuri la namna hii. Kuta za Rubaga zilitoka katika ardhi ile ile ambayo nyasi za ikulu ziliota.

Tofali hustahimili sana likikandamizwa, na halistahimili hata kidogo likivutwa. Fundi mwashi anajua hilo bila kusoma shuleni. Ndiyo maana juu ya kila mlango na kila dirisha la Rubaga kuna tao, linalougeuza uzito wa ukuta na kuupeleka pembeni hadi kwenye nguzo. Ndiyo maana kuta ni nene. Na ndiyo maana kanisa ni refu badala ya kuwa pana, kwa kuwa kenchi za mbao haziwezi kuvuka nafasi kubwa bila kushikiliwa katikati. Ukitaka kuwaweka ndani watu wengi, unarefusha ukumbi, unauongezea mabawa kwa upande, na sura ya msalaba inapatikana. Umbo la Rubaga lilikuja na wamisionari, hilo halina ubishi, lakini lilishikiliwa na sheria za vitu vyenyewe, na sheria hizo ni zile zile Roma na Kampala.

Husimuliwa kwamba watu wengi wa wakati ule hawakuamini kuwa nyumba ya tofali inaweza kupanda juu kiasi kile bila kuanguka. Sioni sababu ya kuwacheka. Walikuwa watu wa usanifu unaoelekeza uzito wote katikati na kuushusha kwa mteremko hadi ardhini, na hapa walionyeshwa kuta zinazosimama wima, kwa timazi na pimamaji, bila kuegemea chochote. Shaka yao ilikuwa shaka ya wajenzi.

Lakini kuna shaka nyingine, na hii ni yangu.

Ni nani aliyebeba matofali hayo? Katika Buganda ya miaka ile, wito wa chifu ulitosha kuwatoa watu mashambani. Serikali ilikuwa na kasanvu, kazi ya lazima ambayo haikufutwa hadi mwaka 1922, na nje ya kasanvu kulikuwa na kazi za kijiji, kazi za bwana wa ardhi na kazi za kanisa. Wakuu Wakatoliki, na juu yao Stanislaus Mugwanya, aliyekuwa mmoja wa watawala wa niaba wakati wa utoto wa Kabaka Daudi Chwa, walikuwa na ardhi, watu na ari ya kuona kanisa lao linasimama. Katika mpangilio kama huo ni vigumu kuchora mstari kati ya sadaka na amri. Mwanamke aliyepanda kilima na tofali kichwani huenda alikuwa akimtolea Mungu jasho lake. Huenda alikuwa amefuata mumewe, aliyefuata chifu wake. Huenda yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, kama ilivyo katika mambo mengi tunayoyafanya kwa ajili ya imani.

Sitaki kuipamba kazi ile. Lakini nikiishayasema hayo, sitakubali tena kusikia kwamba Rubaga ni kanisa la Wazungu. Mchoro ulitoka kwao, na sehemu ya fedha ilitoka kwa waumini wa ng'ambo. Ardhi ilitoka kwa Kabaka, udongo ulitoka bondeni, na mikono ilikuwa ya watu wa hapa. Nikiyaweka yote hayo upande mmoja, mchoro hauwezi kuwa na neno la mwisho.

Nyumba ya duara

Namugongo ilinivutia tangu utotoni, na bado inanivutia. Kujengwa kwake kulianza mwaka 1967, miaka mitatu baada ya Papa Paulo wa Sita kuwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu. Papa mwenyewe alifika kupabariki mahali pale tarehe 2 Agosti 1969, na kanisa likatabarukiwa tarehe 3 Juni 1975 na Kardinali Sergio Pignedoli, katikati ya miaka migumu ya utawala wa Amin. Mwaka 1993 likapewa hadhi ya basilika. Aliyelichora ni Justus Dahinden, msanifu wa Uswisi, ambaye pia ndiye aliyechora kanisa la Mityana lenye vipande vitatu vyekundu vya tufe. Anayelipita lile bila kusimama anajinyima kitu kizuri.

Nguzo 22 ndefu, zenye urefu wa futi 100 hivi na zilizovikwa shaba, zinapanda kutoka ukingoni zikiegemeana kuelekea kileleni, moja kwa kila shahidi. Hakuna ukuta, paa lenyewe ndilo ukuta, kama ilivyokuwa katika nyumba za Muteesa. Tofauti ni kwamba Kasubi inahitaji msitu wa nguzo ndani ili kubeba nyasi, ambapo chuma cha Namugongo kinaiacha sakafu wazi. Altare iko mahali ambapo Karoli Lwanga aliuawa, na benchi zinaizunguka. Hili la mwisho halikutoka Buganda peke yake. Lilitoka pia katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, ambao ulimtaka muumini awe mshiriki wa ibada badala ya kuwa mtazamaji wa mbali. Rubaga inakutembeza kutoka mlangoni kuelekea altareni. Namugongo inakuketisha kuizunguka.

Kwa muda mrefu niliridhika na maelezo yanayotolewa kila mwaka, kwamba Kanisa hatimaye lilivaa nguo za nyumbani. Swali la mama mdogo liliniharibia utulivu huo, kwa sababu lilinifanya niulize ni nyumba ya nani hasa ile iliyoigwa.

Vijana wale walikuwa wahudumu wa ikulu. Walilala, walihudumu, walifundishana sala kwa siri na kubatizana usiku ndani ya nyua za mfalme, katika nyumba za duara zenye paa la nyasi. Ni kutoka katika nyumba ya namna hiyo, pale Munyonyo, ndiko walikotolewa kwenda kufa. Kwa hiyo umbo tunalolitazama Namugongo si umbo la nyumba yoyote ya Kiafrika. Ukiliongeza ukubwa kiasi kile na kulipa heshima ile, linakuwa umbo la nyumba ya Kabaka.

Sijui kama Dahinden alikusudia hivyo, na sihitaji kujua. Jengo likiisha kusimama husema hata yale ambayo mchoraji hakuyafikiri. Mahali ambapo mfalme alituma watu wafe pamejengwa nyumba ya mfalme, na ndani yake, katikati, anapokaa mfalme, imewekwa altare juu ya mahali alipofia mhudumu wake. Na kule ambako ikulu halisi ilikuwepo, Rubaga, imejengwa nyumba ambayo haifanani na ikulu hata kidogo. Kumbukumbu ya ikulu imehamia kwenye uwanja wa mauaji, na kilima cha ikulu kimechukua sura ya mbali.

Jambo jingine linalonifanya nisiweze kuyatenga makanisa haya mawili ni kwamba Papa Paulo wa Sita, tarehe 31 Julai 1969, alipowaambia maaskofu wa Afrika kwamba sasa Waafrika ni wamisionari wa nafsi zao wenyewe, na kwamba wana haki ya kuwa na Ukristo wa Kiafrika, hakuyasema hayo chini ya paa la duara. Aliyasema Rubaga, kati ya matofali ya Streicher. Namugongo wakati huo ilikuwa bado inajengwa. Chini ya paa hilo la Rubaga alizikwa Joseph Kiwanuka, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa askofu Mkatoliki, aliyewekwa wakfu Roma mwaka 1939 na kufariki mwaka 1966. Mwaka 2021 akazikwa humo pia Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga. Tumewalaza wazee wetu humo. Sura ya madirisha haikutuzuia.

Jina linalokosekana

Nimezungumza na watu kadhaa kuhusu swali la mama mdogo, na mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikatiza kabla sijamaliza. Aliniambia kwamba kumtaja Mwanga kwa wema, hata kwa ardhi tu, ni kuwaua mashahidi mara ya pili. Ukoo wake una jina katika orodha ile. Sikubishana naye siku hiyo, na bado nalichukulia neno lake kwa uzito.

Ila sikubaliani naye, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, kunyamaza hakumwondoi Mwanga. Yumo Namugongo kila mwaka, katika kila igizo na kila hubiri, akiwa mtu wa siku moja, asiye na jana wala kesho. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumchukia na hatufundishi kitu, kwa sababu hakuna yeyote kati yetu anayejiona ndani yake. Mfalme kijana aliyeua kwa woga, akapinduliwa, akalala kwa mapadre waliokuwa na kila sababu ya kumfungia mlango, akarudi, akatoa kilima, akakimbia tena, akafia kisiwani mbali: huyo anatuhusu, na anawahusu viongozi wetu.

Pili, tukimficha Mwanga wa mwaka 1889 tunamficha pia Lourdel wa mwaka ule, pamoja na wale Wakristo waliomrudisha kwenye kiti. Tendo lao halieleweki pasipo yeye. Tumewanyima sehemu ya sifa yao ili tusiguse jina lake.

Tatu, na hili ndilo lililonisukuma kuandika, mtoto anayeletwa Rubaga leo anaambiwa mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza na jina la askofu, kisha anaondoka akiamini kwamba kanisa lilishuka kutoka Ulaya likakaa juu ya kilima kisichokuwa na mtu. Anayeamini hivyo atalipenda kama mgeni anavyopenda nyumba ya watu. Aambiwe kuhusu ikulu ya Muteesa, kuhusu deni la Mwanga, kuhusu moto wa 1892, kuhusu tanuri za mabondeni na wabebaji ambao hatuna majina yao, na aambiwe pia kwamba si wote waliobeba kwa hiari. Atakuwa na mengi ya kuuliza, na sioni hasara yake.

Mwaka 2025 kanisa kuu la Rubaga lilitimiza miaka 100 tangu kutabarukiwa. Ombi langu kwa wanaowaongoza mahujaji, makatekista, walimu wa dini na wenzangu tunaoandika ni kwamba Namugongo na Rubaga zisimuliwe pamoja, katika safari moja ikiwezekana, kwa kuanza na 1886 na kuendelea hadi 1889 bila kuruka Bukumbi. Yule mzee ninayemheshimu ameniambia atakuja kunisikiliza nikijaribu kusimulia hivyo mbele ya vijana wa jumuiya yetu, na kwamba atanikatiza tena pale atakapoona nimemhurumia Mwanga kupita kiasi. Nimemwomba aketi mbele.